Mtamba Juu ya Paa

Nyumba yetu ya Bariadi ilijengwa kwa udongo wetu, kwa mikono yetu, na kwa ng'ombe wa mtu mwingine. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakiniuliza nilianzaje kupangisha vyumba hutegemea kusikia habari za akiba. Akiba haikuwepo. Kulikuwa na mtamba mmoja mwekundu, jike ambaye hajazaa bado, mwenye baka jeupe begani, na mtamba huyo sikuwahi hata kumwekea maji.

Siku hizo tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, na Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Bariadi ilikuwa na maduka machache, ghala la pamba, zahanati, shule na uwanja wa mnada. Lakini kila baada ya miezi michache lori lilishusha mtu mwenye sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba: mwalimu, karani, nesi, bwana shamba. Mtu huyo alianza kuuliza chumba kabla hajauliza maji. Mume wangu, aliyekuwa akija kutoka Nkoma kuuza pamba, aliwaona wakiuliza, akarudi nyumbani na wazo ambalo halikumwacha akae kitako tena.

Alipata kiwanja. Tukafyatua matofali sisi wawili kiangazi kizima, mimi nikikanyaga udongo, yeye akiinua fomu ya tofali. Pesa ya pamba ya mwaka ule ilinunua milango na saruji ya sakafu. Kuta za vyumba sita zikasimama, kisha zikabaki zimesimama bila kichwa, maana hela ilikuwa imeisha na chama cha ushirika kilikuwa bado hakijatulipa malipo ya pili. Kuezeka kwa nyasi tungeweza kwa bei ya jasho tu. Lakini karani hapangi nyumba ya nyasi. Anasema ina nyoka, anasema ina moto, na kweli ana aibu ya kuandika kwao kwamba amehamia mjini akalala chini ya nyasi kama alizoziacha.

Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia. Ukuta wa tofali bichi ukinyeshewa unarudi kuwa shamba. Mume wangu akaenda kwa rafiki yake pale Nkoma, mtu aliyekua naye wakichunga pamoja, mwenye zizi lenye ng'ombe wa kutosha. Mimi nilikuwepo. Tulikula ugali na mlenda, kisha yule rafiki akanyoosha fimbo yake kwenye zizi, akasema, "Chukua yule mwekundu. Kaezeke."

"Wabeja," mume wangu akamshukuru. "Nitakurudishia."

Hayo ndiyo maneno yote. Wiki ileile mtamba akauzwa mnadani, na bwana wa duka la senta akatutolea mabati, misumari na fundi wa kuanza kazi. Fundi alilipwa kuezeka nusu ya paa. Nusu nyingine mume wangu akaimalizia mwenyewe, ili kupunguza gharama, akiwa na misumari mdomoni kama mtu anayekula miiba.

Nafikiri hakuna Msukuma asiyeona kosa letu hapo. Kwetu ng'ombe hutoka zizini kwa njia nyingi. Kuna kukopesha: nimekupa ng'ombe, utanirudishia ng'ombe. Na kuna kubilisa: nimekupa ng'ombe wangu ukae naye, maziwa ni yako, samadi ni yako, lakini ng'ombe anabaki kuwa wangu na ndama wote atakaozaa ni wangu, hata akikaa kwako mpaka meno yake yaishe. Wale marafiki wawili hawakusema mtamba ametoka kwa njia ipi. Walipendana mno kusema. Angekuwa dume, lisingekuwa neno, dume halizai. Lakini alikuwa mtamba.

*

Mume wangu alikaa chini ya paa lile mvua moja tu. Aliugua homa mwezi ambao mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele, na kabla hayajakauka tulikuwa tumemzika Nkoma, karibu na baba yake. Sitaeleza zaidi. Wanangu wawili walikuwa wadogo, mmoja alikuwa bado anauliza baba atarudi na lori lipi.

Matanga yalipoanuliwa, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alisimama mbele ya watu kama desturi inavyotaka.

"Anayemdai marehemu aseme sasa," akasema. "Na anayedaiwa na marehemu aseme pia, asijifanye amelala."

Mtu mmoja akadai jembe. Mwingine akasema yeye ndiye anayedaiwa gunia la mtama, watu wakamshukuru. Kisha yule rafiki wa marehemu akainuka. Alikuwa amelia siku zote za msiba, macho yake yalikuwa bado mekundu.

"Mimi namdai mtamba," akasema. "Mtamba na uzao wake."

"Mtamba tunamjua," shemeji akajibu. "Uzao upi tena? Yule ng'ombe aliuzwa mnadani, ameshaliwa na watu wa Mwanza, mifupa yake imeshatupwa. Anazaaje?"

"Aliuzwa akawa nini?"

"Akawa mabati."

"Na mabati yako wapi?"

"Si yako Bariadi."

"Chini yake kuna nani?"

Yule mtu akawageukia watu. "Chini yake kuna karani, analipa. Kuna nesi, analipa. Kila mwisho wa mwezi wanalipa. Sasa niambieni, hilo bati halizai? Mtamba wangu hajafa, jamani. Yuko kule juu ya paa, na kila mwezi anaangusha ndama."

Watu walicheka, pale pale msibani. Na mimi ilibidi nifunike uso kwa kanga, si kwa kulia. Mume wangu angekuwepo angecheka kuliko wote.

Ndipo shemeji akaniita. "Shemeji, ulikuwepo siku ile. Walikopeshana au walibilisana? Sema watu wasikie."

Nilijua alichotaka niseme. Neno moja tu, na uzao ungekufa pale pale. "Sikuwasikia wakitaja uzao," nikasema. "Wala sikuwasikia wakiukataa."

Shemeji alinitazama kama mtu aliyemwagiwa togwa. Wazee wakateta pembeni. Waliporudi walisema hivi: mtamba mmoja alipwe kabla ya mwisho wa msimu wa tatu wa pamba. Habari ya uzao itazungumzwa siku mtamba akipatikana. Asipopatikana, nyumba ya Bariadi iuzwe, deni lilipwe, kinachobaki kiwe cha ukoo, na mimi nirudi Nkoma nilime kwenye mji wa shemeji.

Hakuna aliyesema kwa ubaya. Ndivyo mambo yanavyopangwa. Lakini nilipanda lori kurudi Bariadi nikiwa na kitu kifuani kinachokwenda na kurudi, na kitu hicho hakikutulia kwa miaka ile yote.

*

Nilihesabu kodi. Vyumba sita, kimoja tunalala sisi, kimoja hakikuwa na mlango. Vinne vilikuwa na watu. Nilijiambia: nitaweka shilingi kwenye kopo, likijaa nitakwenda mnadani ninunue mtamba, niondoke na deni. Darasa la nne nililosoma lilitosha kwa hesabu hiyo. Halikutosha kwa mnada.

Maana kila siku ya mnada nilikwenda. Nilisimama kwenye uzio pamoja na wanaume, nikisikiliza mtamba amekwenda kwa bei gani, kisha nikarudi nyumbani kulitikisa kopo. Mwezi huu nimebakiza kidogo. Mwezi ujao nimeongeza, na mtamba naye ameongeza. Mwezi wa tatu nimeongeza, yeye ameniacha zaidi. Kodi siwezi kuipandisha kila mnada. Shilingi zangu zilikaa koponi hazili majani, hazikui. Ng'ombe alikuwa anakua hata akiwa amelala. Nilikuwa kama mtu anayefukuzia lori kwa miguu, na dereva hata hajui.

Na siku hizo hizo za mnada, yule mdai wangu alipita. Alikuja na ng'ombe wa kuuza, akimaliza anapita kwangu, anakaa kwenye kigoda cha marehemu ukumbini. Sikumpa kigoda hicho. Alikikuta, akakikalia, kama alivyokuwa akikikalia mwenzake akiwa hai.

"Mwadila, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila."

"Mabati yamezaa?"

"Yamezaa ndama wawili. Mmoja amekwama tumboni, ni karani."

"Mvute miguu."

"Ana mateke."

Alicheka, akala, akanywa maji, kisha akaniambia jambo moja la marehemu. Alivyowahi kuiba asali akaumwa na nyuki ulimi. Alivyoogopa chura. Mambo ambayo mume wangu hakuwahi kuniambia mwenyewe. Baadaye anachukua fimbo yake na kwenda. Hakunitisha hata mara moja, ila akishaondoka sikuweza kukaa. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa.

*

Karani aliyekwama alikuwa wa ghala la pamba, kijana msafi, mwenye shati la kola iliyonyooka na gazeti kwapani. Alikuwa anadaiwa kodi, na kila mara alikuwa na sababu yenye elimu. Kwanza bati la chumba chake linavuja. Kweli lilikuwa linavuja. Nikaazima ngazi, nikapanda mwenyewe, wapangaji wakitazama kutoka chini.

Huko juu ndiko nilikoona. Upande wa fundi, misumari yote ilikuwa imepigwa kwenye mgongo wa bati. Upande wa mume wangu, ilikuwa imepigwa kwenye bonde, kule ambako maji hupita. Hakujua. Alipiga msumari pale ambapo bati liligusa mti, kwa sababu ndipo ulipoingia kwa urahisi, na kila msumari wake ulikuwa tundu lililokuwa linangojea mvua. Niliketi pale juu na kopo la lami kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Nilipaka msumari mmoja mmoja. Kichwa cha kila msumari kilikuwa kimepinda, kwa nyundo yake.

"Mama mwenye nyumba," karani akapaza sauti, "umepata nini huko?"

"Nimepata kodi yako. Haivuji tena."

Wapangaji wakamcheka, akalipa mwezi mmoja. Kisha akapata sababu nyingine. Jioni moja alikaa ukumbini akasoma gazeti kwa sauti, kwamba serikali imetaifisha majumba ya kupangisha mijini, yamekuwa mali ya umma.

"Umesikia, ndugu mwenye nyumba?" akasema. "Sasa mimi nikikulipa leo kitu ambacho kesho ni cha umma, si nitakuwa nimehujumu umma?"

Alikuwa anatania, nusu. Lakini wenzake walisikia, na mwisho wa mwezi hata mwalimu, mtu wa dini, alisema tungoje kwanza tusikie tamko. Kopo likakaa kimya. Nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Nilimkuta anapalilia viazi.

"Wameshafika?" nikamuuliza.

"Akina nani?"

"Wa kuchukua nyumba."

Akasimama, akaegemea jembe. "Mama, wanachukua maghorofa. Ile yako, kwa heshima zote, ni zizi lenye madirisha. Waje kuichukua waiweke wapi?"

"Basi njoo uwaambie wapangaji."

"Nitawaambia. Lakini na wewe, usiwakabe watu sana. Watoto wanakuita kabaila, unajua?"

Nilijua. Walikuwa wanaimba wakinipita kisimani. Kabaila mwenye kanga moja. Nilitaka kumwambia balozi kwamba mnyonyaji wa kweli alikuwa juu ya paa, mwekundu, mwenye baka begani, na ni mimi niliyekuwa nanyonywa. Sikumwambia. Huenda hata hilo halikuwa kweli. Ng'ombe yule alitufunika.

Balozi alikuja, akawapa karani na wenzake hotuba juu ya watu wanaotumia Azimio kukwepa deni la mjane. Wakalipa. Lakini msimu wa kwanza wa pamba ulikuwa umeshapita, na shamba langu la Nkoma lilikuwa limetoa marobota ya kuchekesha.

*

Nesi alikuwa mpangaji wangu bora. Alilipa kabla sijamtazama. Siku moja alinikuta nimerudi mnadani nimenuna, akauliza, na mimi nikamweleza yote, jambo ambalo si kawaida yangu.

Akafikiri. "Tatizo lako," akasema, "unadaiwa ng'ombe na unaweka shilingi. Kwa nini usiweke ng'ombe?"

"Sina za kutosha ng'ombe."

"Za ndama je?"

Nilisimama pale na debe la maji kichwani. Nilikuwa nimekwenda mnadani mwaka mzima nikitazama mitamba tu. Ndama nilikuwa nawaruka kwa macho kama vile si ng'ombe. Mimi, mtoto wa wafugaji. Nafikiri mji ulikuwa umeshaanza kunifanya nihesabu kikarani.

Kopo halikutosha hata kwa ndama jike mzuri, ila kilichopungua kilikuwa kidogo. Nikamwomba nesi kodi ya miezi ya mbele. Akanipa bila kusita. Mnada uliofuata nilinunua ndama jike wa zaidi ya mwaka, mweusi, mwenye masikio makubwa, nikaenda naye kwa miguu hadi kwa kaka yangu, kijiji cha Shishiyu, maana mjini sikuwa na pa kumlisha.

"Dada," kaka akasema, akimzunguka, "unanibilisa ndama mmoja, mkavu. Maziwa yangu yako wapi?"

"Yatakuja."

"Yakija, na wewe utakuja kumchukua."

Alisema kwa mzaha, na alikuwa sahihi, na sote wawili tulijua. Alimfungulia zizi.

Nilirudi Bariadi nikiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Wepesi ule haukufika mbali. Kabla ya miezi aliyonilipa kwisha, nesi aliletewa uhamisho. Alisimama mlangoni pangu na sanduku lake, amejawa na haya kuliko mimi.

"Mama, sipendi kudai. Ila nauli..."

Ilikuwa hela yake. Miezi ambayo hakuilala haikuwa yangu. Nilimchukia, nasema ukweli, nilimchukia mtu aliyenitendea wema tupu, kwa muda ambao alikuwa amesimama pale mlangoni. Nilikuwa nimelipa deni kwa deni, na deni la pili lilikuwa na lori la kuwahi.

Nilikwenda kwa yule bwana wa duka la senta, nikakopa hiyo hela, nikampa nesi, tukaagana. Kisha nikafanya kitu kimoja kilichokuwa kimebaki. Nikatoa kitanda changu na vitu vya watoto, nikavihamishia jikoni, kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba. Chumba changu nikakipangisha. Chumba cha nesi nacho kikapata mtu. Mwenye nyumba ya bati akawa analala chini ya nyasi, na wapangaji wake wanalala chini ya ng'ombe. Shemeji aliposikia alicheka hadi akakohoa. "Kabaila gani huyu anayelala na masufuria?"

Watoto walipenda jikoni, kulikuwa na joto. Mimi sikupenda. Mvua ikinyesha, nyasi hazisemi kitu. Nilikuwa nimezoea kelele ya bati. Nilitoka nje, nikasimama ukutani pa nyumba yangu, nikaisikiliza kupitia vyumba vya watu.

Vyumba vyote viliporudi kulipa, bwana wa duka alimaliziwa deni lake kidogo kidogo. Alikataa kunikopesha sukari na mafuta ya taa kwa muda huo wote. Alisema mtu mwenye deni la pesa asiongeze la sukari. Nilimwona mkali. Leo namshukuru.

*

Kila nilipopata nafasi nilikwenda Shishiyu kumtazama ndama. Kiangazi cha pili kilikuwa kibaya, majani yaliisha, na ng'ombe wawili wa kaka yangu walianguka hawakuinuka. Nilikuwa nikifika, naangalia kwanza kama yupo yule mweusi, kisha ndipo nasalimia watu. Kaka aliliona hilo. Aliwakatia ng'ombe wote matawi ya miti, na wangu pia.

Mvua zilirudi. Mweusi alijaza mbavu. Msimu wa tatu ulipoanza, kaka alituma mtu aniite, na nilipofika alinionyesha tumbo.

"Ana mimba," akasema. "Dume la jirani lilivunja uzio. Sijui nimshukuru jirani au nimtoze."

Shemeji alikuja mjini siku chache baadaye, habari ilikuwa imeshamfikia. Alikaa kwenye gogo la jikoni kwangu, akazungumza taratibu, na safari hii alikuwa anazungumza kwa faida yangu.

"Sikiliza, shemeji. Usimpeleke sasa. Ngoja azae. Ndama ubaki naye, mtamba mpe. Deni ni mtamba, siyo mtamba na tumbo. Msimu una miezi bado."

"Akizaa si mtamba tena. Ni ng'ombe mzazi."

"Bora zaidi kwake. Atakataa?"

"Na uzao?"

"Uzao haukuwahi kuamuliwa. Usiuamshe."

Alikuwa na hoja. Niliifikiria siku zile zote. Ndama yule angekuwa mwanzo wa zizi langu, na kaka angepata maziwa aliyoahidiwa. Niliwaza hata kununua ng'ombe mzee wa bei ya chini nimpeleke huyo. Niliwaza mambo mengi, nikitembea kutoka kisimani kwenda nyumbani na kutoka nyumbani kwenda mnadani, na nilipoamua sikuamua kwa wema. Nilikuwa nimechoka kutembea.

Tulimswaga mimi na kaka, kutoka Shishiyu hadi Nkoma, tukilala njiani kwa watu wa ukoo. Kaka hakusema neno juu ya maziwa. Mdai wangu alituona kwa mbali, akaja kutupokea nje ya boma, akaita majirani wawili wawe mashahidi, na shemeji naye akaitwa.

Hakusalimia ng'ombe kwa maneno. Alimzunguka, akamshika nundu, akamfungua mdomo akatazama meno, kisha akaweka kiganja kwenye ubavu na kukiacha hapo.

"Huyu ana mtu ndani," akasema.

"Anaye."

"Atazaa lini?"

"Kabla ya mvua."

Akamtazama shemeji, aliyekuwa anatazama pembeni. "Huyu bwana hakukushauri ungoje?"

"Alinishauri."

"Ushauri mzuri."

"Ndiyo. Ni mzuri."

Majirani wakacheka. Yeye hakucheka. Aliacha mkono wake pale ubavuni kwa muda, mpaka ng'ombe akachoka akamsukuma. "Mtamba nimempata," akawaambia wale mashahidi. "Na uzao huu hapa, nimeushika. Bati ni la huyu mama na watoto wake. Asiniulize mtu tena habari ya paa."

Tulikula. Ulikuwa ugali na mlenda tena, sijui kama alikumbuka. Kaka alipewa kibuyu cha maziwa mgando aondoke nacho, na alikibeba njia nzima mikononi.

*

Nilirudi Bariadi, nikamwambia mpangaji wa chumba changu atafute kwingine, nikamrudishia siku zake, nikahamisha kitanda. Nyumba ilikuwa yangu. Karani, aliyekuwa ameshapandishwa cheo, alinipongeza akaniita kabaila kamili, akalipa miezi miwili bila kuombwa. Nilizishika zile shilingi nikatazama kopo, na sikujua ziende wapi.

Siku ya mnada nilipika kama kawaida, nikajaza sufuria, nikafagia ukumbi, nikakiweka kigoda mahali pake. Sikufikiri. Mikono ilifanya yenyewe. Kila siku ya mnada ilikuwa ni siku ya mtu mmoja kukaa pale, kuuliza kama mabati yamezaa, na kunisimulia jambo la mume wangu ambalo sikulijua.

Alasiri nilimwona akipita barabarani, nyuma ya ng'ombe aliowanunua, pamoja na vijana wake. Alikuwa ana haraka, jua lilikuwa limeshuka. Alipofika usawa wa nyumba aliinua fimbo.

"Mwadila, mayu!"

"Mwadila!"

Nilingoja aulize. Aliwapigia ng'ombe mluzi, akaendelea na njia ya Nkoma. Hakuwa na sababu ya kuingia, mimi mwenyewe nilikuwa nimeimaliza. Nilisimama ukumbini mpaka vumbi lilipolala. Kisha nilikichukua kigoda, nikakiingiza ndani, nikatafuta cha kufanya. Ua ulikuwa umeshafagiwa. Nikachukua ufagio.